Mnara wa senti tano

Kwenye barabara ya Broadway mjini New York, karibu na jumba la meya, limesimama jengo la Woolworth. Urefu wake ni mita 241. Tangu lilipofunguliwa mwaka 1913 hadi mwaka 1930, hapakuwa na jengo lililolipita duniani. Wageni hulitazama kwa ajili ya urefu huo. Sisi tunapenda kuuliza kwanza fedha zake zilitoka wapi, maana hapo ndipo ilipo habari yake.

Frank Woolworth alizaliwa mwaka 1852, mtoto wa mkulima. Mwaka 1879 alifungua mjini Utica duka ambamo kila kitu kiliuzwa kwa senti tano, nalo likamfia mikononi baada ya miezi michache tu. Mwaka huohuo alijaribu tena mjini Lancaster, katika jimbo la Pennsylvania, na safari hii watu wakajaa. Siku zile mnunuzi alisimama mbele ya meza akaomba. Mwuzaji ndiye aliyeshusha kitu na kutaja bei, na bei iliweza kupanda au kushuka kadiri ya sura ya mwombaji. Woolworth alitandaza bidhaa zake wazi, kila mtu azishike, na bei ikawa ileile kwa tajiri na kwa mtumishi: senti tano, baadaye na senti kumi. Vikombe, nyuzi, vichezeo vya watoto, mapambo ya Noeli. Maskini aliingia bila kuona haya. Maduka yakawa mamia, na sarafu ndogo zikarundikana.

Kwa sarafu hizo ulijengwa mnara. Uligharimu dola milioni 13 na nusu, na Woolworth aliulipa kwa fedha taslimu. Msanifu wake, Cass Gilbert, aliupamba kwa matao na vilele vya mtindo wa Kigothi, na dari la ukumbi wa chini likang'aa kwa vijiwe vya rangi na dhahabu. Mchungaji mmoja Mprotestanti wa Brooklyn, S. Parkes Cadman, akauita Katedrali ya Biashara. Gilbert hakulipenda jina hilo. Alisema alifikiria majumba ya miji ya Ubelgiji, si makanisa. Kwetu sisi Gilbert alisema kweli, lakini jina la mchungaji ndilo lililoshika. Ukumbini kuna sanamu ndogo za mzaha, na mojawapo ni Woolworth mwenyewe akihesabu sarafu zake.

Usiku wa tarehe 24 Aprili 1913, Rais Woodrow Wilson alibonyeza kitufe huko Washington, na taa 80,000 zikawaka katika mnara. Mwaka huohuo, chini ya serikali yake, wafanyakazi Weusi wa ofisi za serikali walianza kutengwa na wenzao Weupe. Mambo hayo mawili hayasimuliwi pamoja mara nyingi. Sisi tunayaweka pamoja makusudi.

Maana maduka ya Woolworth yalienea hata katika majimbo ya Kusini, na huko bei moja kwa wote ilikuwa na mpaka wake. Mtu Mweusi aliruhusiwa kununua dawa ya meno; kuketi na kula kwenye kaunta ya chakula, ndani ya duka lilelile, alikatazwa. Tarehe 1 Februari 1960, mjini Greensboro, North Carolina, wanafunzi wanne wa mwaka wa kwanza wa chuo, Ezell Blair, Franklin McCain, Joseph McNeil na David Richmond, walinunua vitu vidogo dukani, kisha wakaketi kwenye kaunta na kuagiza kahawa. Wakanyimwa. Wakabaki wameketi mpaka duka likafungwa. (Siku hizohizo wajumbe wetu walikuwa Bruxelles, kwenye Meza ya Duara, wakijadili uhuru wa Kongo.) Kesho yake waliketi zaidi ya 20, siku ya nne walikuwa mamia.

Kampuni ilijibu kwamba inafuata desturi ya mahali. Tulipime jibu hilo. Kampuni iliyovunja desturi ya uuzaji nchi nzima ili ipate senti tano za maskini, sasa ilijificha nyuma ya desturi ili isimpe maskini huyohuyo kiti.

Vijana walimwagiwa matusi, nao hawakuyarudisha. Waliendelea kuja majira yote ya kuchipua, na duka likapoteza karibu dola 200,000. Tarehe 25 Julai likakubali. Watu Weusi wa kwanza kuhudumiwa kwenye kaunta ile walikuwa wafanyakazi wa duka lenyewe, ambao siku zote walikuwa wakiwahudumia wengine.

Kampuni ilifunga maduka hayo nchini Marekani mwaka 1997, na mwaka uliofuata ikauza mnara. Orofa za juu zimekuwa makao ya matajiri. Duka la Greensboro lilifunguliwa kuwa makumbusho tarehe 1 Februari 2010, na kipande cha kaunta yake, pamoja na viti vinne, kimehifadhiwa katika makumbusho ya taifa huko Washington.