Mvua ya kompyuta hupimwaje na kanuni?

Msikilizaji wa Nkuhungu, unajua Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, karibu Desemba hadi Aprili, na wastani wa mwaka ni kama milimita 570. Mkulima wa mtama anaogopa mwaka mkavu, na wastani hauuonyeshi.

Wataalamu huchukua kanuni ya hesabu inayoeleza mvua inavyotofautiana, kisha kompyuta hubuni kutoka humo mvua za, tuseme, miaka 30. Hupangwa kuanzia ndogo hadi kubwa. Kila moja huwekwa na kiwango kilichotarajiwa na kanuni kwa nafasi hiyo: kilichotarajiwa kwa ulalo wa grafu, kilichopatikana kwa wima. Zikilingana, nukta hufuata mstari wa mshazari. Wilk na Gnanadesikan waliieleza njia hii mwaka 1968.

Nukta za katikati hutulia. Za mwisho huyumba, hata kanuni ikiwa ndiyo iliyozizaa! Ndiyo maana kompyuta hurudia mara nyingi, kuona bahati peke yake inayumbisha hadi wapi. Halafu huwekwa mvua halisi iliyopimwa. Nukta za miaka mikavu zikishuka chini ya mpaka huo, kanuni inaahidi mvua kuliko inayonyesha, na anayechagua mbegu kwa kuifuata ataumia.