Mwili wa Mzee, Moyo wa Kijana: Habari za Motokaa za Cuba

Mwalimu wa darasa, kama iko ramani ya dunia ukutani, tafadhali waonyeshe wanafunzi kisiwa cha Cuba. Kiko kusini ya Marekani, katika bahari ya Karibi. Mji wake mkuu ni Havana. Mkisha kukiona, kaeni vizuri tuanze.

Mara nyingi tukitaja historia twafikiri habari za wafalme, vita na mikataba. Lakini mambo ya wakubwa hufika mpaka nyumbani kwa mtu mdogo, na mara nyingine hufika mpaka chini ya boneti ya motokaa yake. Leo tutajifunza jinsi ugomvi wa serikali mbili ulivyowalazimisha mafundi wa Cuba kutoa injini za zamani katika motokaa na kutia injini mpya. Tutaona pia namna kazi hiyo inavyofanywa, na hatari yake.

Mtu akisimama kando ya njia katika mji wa Havana ataona motokaa ndefu, yenye mabawa nyuma, imepakwa rangi mbili na kung'arishwa kama sufuria ya arusi. Atasema, "Hii ni Chevrolet ya mwaka 1957." Naye hakukosea. Lakini ikipita karibu, asikilize mlio wake. Atasikia mlio wa lori dogo la dizeli. Mwili ni wa mzee, moyo ni wa kijana.

Mambo haya yalianzaje? Kutoka Cuba hadi pwani ya Florida, Marekani, ni kama maili 90 tu, yaani kilometa 145 hivi. Kwa ajili ya ujirani huo, watu wa Cuba waliokuwa na uwezo walinunua motokaa za Marekani: Ford, Chevrolet, Buick, Plymouth, Dodge na Cadillac. Zilipoharibika, vipuri vilikuja kwa meli. Hapakuwa na shida.

Tarehe 1 Januari 1959, mtawala wa Cuba, Fulgencio Batista, aliikimbia nchi. Wanamapinduzi wa Fidel Castro wakashika serikali. Walipoanza kutaifisha mashamba na makampuni ya Wamarekani, uhusiano uliharibika. Oktoba 1960, Marekani ilikataza bidhaa nyingi kupelekwa Cuba. Februari 1962, Rais John F. Kennedy akafunga karibu biashara yote. Basi motokaa mpya za Marekani zikakoma kuja, na vipuri vikakoma pia. Wahenga walisema: Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi.

Ndugu wanafunzi, jambo jingine lilitokea Cuba katika miaka hiyohiyo, nalo latuhusu sisi. Mwaka 1961 kulifanyika kampeni kubwa ya kufuta ujinga wa kusoma. Vijana kama 100,000 walikwenda mashambani na milimani kufundisha, na watu wazima zaidi ya 700,000 walijifunza kusoma na kuandika. Kwa hiyo nchi ilipokosa vipuri, haikukosa watu wanaoweza kusoma kipimo na kuandika hesabu ya kazi. Hiyo ni akiba kubwa kuliko ghala la vyuma.

(Hapa mwalimu asimame kidogo. Aandike ubaoni miaka hii: 1959, 1960, 1961, 1962. Wanafunzi waisome kwa sauti, waseme kila mwaka ulileta nini.)

Tuendelee. Motokaa nyingine zilikuja kutoka Urusi: Moskvich, Volga, na baadaye Lada. Lakini hizo ziligawiwa na serikali, na mtu hakuwa na ruhusa ya kuiuza yake apendavyo. Mpaka mwaka 2011, motokaa iliyoweza kuuzwa na kununuliwa kwa uhuru ilikuwa ile iliyokuwako nchini kabla ya mapinduzi. Kwa sababu hiyo gari kuukuu la mwaka 1950 lilikuwa mali ya thamani. Baba alimwachia mwanawe kama wengine wanavyoachiana shamba la minazi.

Kisha mwaka 1991 dola ya Kisovyeti ilivunjika. Petroli ya bei nafuu iliyokuwa ikitoka huko ikapungua sana. Serikali ya Cuba ikanunua baiskeli zaidi ya milioni moja kutoka China ili watu waende kazini. Injini kubwa za Marekani zilikuwa za petroli, nazo zilikunywa kama ngamia aliyetoka jangwani. Ndipo mafundi wengi wakageukia dizeli. Walichukua injini za Toyota, Mitsubishi, Hyundai au Peugeot, nyingine kutoka katika magari madogo ya mizigo yaliyokwisha kuchakaa, wakazitia ndani ya Chevrolet na Plymouth.

Tofauti ya petroli na dizeli ni nini? Katika injini ya petroli, mafuta huwashwa kwa cheche ya plagi. Katika injini ya dizeli hakuna plagi ya cheche. Hewa hushindiliwa kwa nguvu hata ikawa ya moto sana, na mafuta yakipulizwa ndani huwaka yenyewe. Injini ya dizeli haikimbii sana, lakini huvuta kwa nguvu, na hula mafuta kidogo.

Sasa tuchukue mfano mmoja: Chevrolet ya mwaka 1953. Injini yake ilikuwa na silinda 6 katika mstari, ukubwa wa lita 3.9, na nguvu za farasi 108. Giaboksi ilikuwa na gia 3 za kwenda mbele, na mkono wa gia ulikuwa karibu na usukani. Umeme wake ulikuwa wa volti 6. Fundi anayetaka kubadili injini hii hana budi kufikiri mambo matano.

Jambo la kwanza ni mahali pa kukaa. Vishikizo vya injini mpya havilingani na fremu ya zamani. Fundi hupima, hukata chuma, huchomelea vishikizo vipya. Injini ikikaa mbele mno itagusa rejeta. Ikikaa chini mno, bakuli la oili litagonga mawe.

Jambo la pili ni giaboksi. Ni afadhali injini mpya ije na giaboksi yake yenyewe pamoja na klachi, kwa kuwa vimezoeana. Injini za dizeli nyingi zina giaboksi ya gia 5. Gia ya tano ina faida: huiwezesha injini kuzunguka polepole hali gari laenda upesi. Lakini sakafu ya gari lazima itobolewe ili mkono wa gia upite.

Jambo la tatu ni shafti inayopeleka mzunguko kutoka giaboksi mpaka difu ya nyuma. Katika Chevrolet za mpaka mwaka 1954, shafti hii ilifungwa ndani ya bomba nene lililoungana na ekseli. Giaboksi mpya haikutengenezwa kwa bomba hilo. Basi mara nyingi hutolewa yote, pamoja na ekseli ya nyuma, na kutiwa ya gari jingine. Shafti mpya ikikatwa vibaya, au isipozunguka sawasawa, gari zima litatetemeka kama mwenye homa.

Jambo la nne ni umeme na maji. Injini mpya yataka umeme wa volti 12. Kwa hiyo betri hubadilishwa, na taa na mota ndogo pia. Rejeta nayo itazamwe, maana yatakiwa kutosha kuipoza injini ngeni.

Jambo la tano ni breki, na hapa ndipo penye hatari. Chevrolet hiyo yafika karibu tani moja na nusu kabla ya abiria kuingia. Breki zake zilikuwa za ngoma katika magurudumu yote, na mafuta ya breki yalitoka katika pampu moja tu. Bomba moja likipasuka, magurudumu yote manne hukosa breki. Fundi mwenye busara hutengeneza breki kabla ya kuisifu injini. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Huenda mmoja wenu auliza: Je, watu wa Cuba peke yao ndio hufanya hivi? Hapana. Huko Marekani kwenyewe vijana wa California walianza zamani, lakini kwa sababu nyingine. Mwaka 1932 kampuni ya Ford iliuza motokaa ya bei nafuu yenye injini ya silinda 8, nguvu za farasi 65. Vijana waliipenda kwa mashindano ya mbio. Mwaka 1955 Chevrolet ilitoa injini yake mpya ya silinda 8, lita 4.3, nguvu za farasi 162, nayo haikuwa nzito kwa nguvu zake. Haukupita muda mrefu, injini hiyo ikawa inatiwa ndani ya Ford za 1932. Mwili ukauzidi moyo wake umri kwa miaka zaidi ya 20. Kijana wa California alibadili injini apate mbio. Mzee wa Havana aliibadili apate chakula.

Maana ya chakula ni hii. Motokaa nyingi hizo ni teksi. Hupita njia moja kila siku na kupakia abiria wengi pamoja, kama daladala za Dar es Salaam au matatu za Nairobi. Watu wa huko huziita kwa Kihispania *almendrón*, maana yake lozi kubwa, kwa sababu ya umbo lake. Injini ikifa, dereva hana kazi, na wauguzi, walimu na wanafunzi waliokuwa wakipanda humo hawafiki.

Je, hakuweza kununua gari jipya? Tufanye hesabu. Januari 2014 serikali iliruhusu watu wote kununua motokaa mpya katika maduka yake. Peugeot 508 iliwekwa bei ya dola 262,000. Wakati huo mshahara wa kawaida wa serikali ulikuwa kama dola 20 kwa mwezi. Gawanya 262,000 kwa 20: ni miezi 13,100. Gawanya kwa 12: ni miaka zaidi ya 1,090, na mtu asile wala asivae. Sasa mwaelewa kwa nini mzee yule alirudi kwa fundi.

Limebaki swali moja. Motokaa iliyotolewa injini, giaboksi na ekseli, je, bado ni ileile? Wapenzi wa vitu vya kale husema hapana, imeharibiwa. Tufikiri juu ya jembe. Mtu amerithi jembe la baba yake. Mpini umebadilishwa mara tatu, na bamba mara mbili. Bado asema, "Hili ni jembe la baba," naye hulima nalo. Mimi naona wote wawili wana haki. Gari la nyumba ya makumbusho lihifadhiwe na vyuma vyake, ili wajukuu wajue lilivyokuwa. Lakini gari linalolisha jamaa lina haki ya kuishi. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Injini ngeni imemponya mwenyeji.

Kwa hiyo tukumbuke: mafundi wale hawakuwa na kiwanda. Walikuwa na spana, kipimo, moto wa kuchomelea, na akili ya kusoma kitu wasichokitengeneza wao. Nayo ni historia, ingawa haikutiwa sahihi na mfalme yeyote.

MANENO YA KUJIFUNZA. Kutaifisha: kufanya mali ya watu binafsi kuwa mali ya taifa. Kipuri: kifaa cha kubadili kilichoharibika. Kushindilia: kubana kwa nguvu. Giaboksi: sanduku la gia.

MASWALI

1. Kwa nini watu wa Cuba walikuwa na motokaa nyingi za Marekani kabla ya 1959?
2. Eleza kwa maneno yako tofauti ya injini ya petroli na ya dizeli.
3. Kwa nini fundi atazame breki kabla ya kusifu nguvu ya injini?
4. Kazi ya nyumbani: Tafuta nyumbani kwako kitu cha zamani kilichotengenezwa mara nyingi, kama jembe, baiskeli au cherehani. Andika mistari mitano kueleza ni nini kilichobadilishwa, na ni nini kilichobaki.