Shule ya Udaktari Juu ya Vilima vya Dodoma

Mgonjwa wa Kizota, magharibi mwa Dodoma kwenye barabara ya Singida, akipewa rufaa ya kwenda Hospitali ya Benjamin Mkapa hulazimika kuvuka mji mzima hadi vilima vya mashariki. Huko ndiko Chuo Kikuu cha Dodoma kinakofundishia madaktari wake. Ili kuelewa kwa nini chuo na hospitali viko mbali hivyo na katikati ya mji, ni vyema kuanzia Dar es Salaam.

Muhimbili ya Dar es Salaam ilianza kama hospitali. Mwaka 1956 ilifunguliwa kwa jina la Princess Margaret, na shule ya udaktari ikafuata mwaka 1963, wagonjwa wakiwa tayari vitandani. Shule ilipita katika mikono kadhaa, ikawa chuo kikuu kishiriki mwaka 1991 na chuo kikuu kamili mwaka 2007, lakini haikuondoka pembeni mwa wodi. Mwanafunzi hutoka darasani akavaa koti jeupe, na baada ya hatua chache yuko kwenye raundi, nyuma ya daktari bingwa. Mabingwa, wagonjwa wa kila aina na wafadhili wa utafiti wamekusanyika hapo kwa miongo mingi, na huo ndio utajiri wake.

Dodoma ilianza na ardhi. Mwaka 1973 iliamuliwa kuwa makao makuu ya nchi, ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, na mwaka 1976 ukapatikana mpango mkuu uliochorwa na kampuni ya Toronto, Kanada. Fedha zilikuwa haba na wizara nyingi zilibaki pwani. Kwa hiyo maeneo makubwa yaliyopimwa yalikaa wazi kwa miaka thelathini.

Kwa nini basi Chuo Kikuu cha Dodoma kikapelekwa Chimwaga, kwenye vilima hivyo vya mashariki, mwaka 2007? Wako wanaosema sababu ni wingi wa vijana waliokuwa wakimaliza sekondari baada ya shule kupanuliwa. Wengine hutaja nia ya kuupa uhai mji mkuu uliochelewa. Wengine tena hukumbusha kwamba Chama Cha Mapinduzi kilikuwa na ukumbi wake hapo, ule ambamo Jakaya Kikwete aliteuliwa kugombea urais mwaka 2005, kikautoa uwe mwanzo wa chuo. Sababu mbili za kwanza zaeleza kwa nini chuo kilihitajika, na pengine kwa nini Dodoma. Lakini ni ukumbi na ardhi vinavyoeleza kwa nini kilima kile, na kwa nini haraka ile. Hati ilitolewa Machi, na wanafunzi wakaanza masomo Septemba mwaka huohuo.

Chuo kilipangiwa wanafunzi 40,000, na majengo yakajengwa kwa fedha za mifuko ya hifadhi ya jamii. Madarasa na mabweni yalitapakaa vilimani, lakini wagonjwa walikuwa mjini, katika hospitali ya mkoa, na wanafunzi wa udaktari walilazimika kuwafuata huko. Pengo hilo lilianza kuzibwa Oktoba 2015, Hospitali ya Benjamin Mkapa ilipozinduliwa jirani na chuo. Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017 ikisaidiwa na madaktari wa India. Dodoma ilifanya hivyo Machi 2018 ikisaidiwa na Wajapani. Miezi minne tu!

Wakati huohuo Muhimbili ilikuwa ikihangaikia kile ambacho Dodoma inacho. Upanga, mahali ilipo Muhimbili, palikuwa pamejaa, hivyo chuo chake kikatafuta nafasi Mloganzila, pembezoni mwa jiji, ambako hospitali kubwa ilizinduliwa Novemba 2017. Mwaka uliofuata uendeshaji wake ulikabidhiwa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, na chuo kikabaki kuitumia kwa mafunzo.

Kwa mabingwa na uzoefu, Muhimbili bado iko mbele sana. Lakini Dodoma ina nafasi ya kukuza wodi, maabara na madarasa mahali pamoja, jambo ambalo Upanga haliwezekani tena. CDA ilivunjwa mwaka 2017 na viwanja vya Dodoma sasa vinagombewa. Jiji liilinde ardhi iliyo kati ya chuo na hospitali isimegwe, na liweke usafiri wa uhakika wa kuwafikisha huko wagonjwa wa Kizota.