Fahamu namna ya kupata biti za karaoke na kuzitunza kwenye simu yako

Kila msimu wa harusi na mahafali ukikaribia, wasikilizaji hutuuliza swali lilelile: nitapata wapi muziki wa wimbo fulani bila sauti ya mwimbaji? Anayeuliza leo ni mwalimu wa kwaya, kesho ni dada wa bibi harusi, keshokutwa ni kijana anayejifunza kuimba. Makala haya yanaeleza pa kutafuta, mitego ya kuepuka, na namna ya kutunza ulichopata.

Karaoke ni nini?

Neno hili limetoka Japani. "Kara" ni tupu, na "oke" ni kifupi cha okestra; yaani okestra isiyo na mwimbaji. Mwaka 1971 mwanamuziki Daisuke Inoue wa mji wa Kobe alitengeneza mashine ya sarafu iliyopiga muziki huku mteja akiimba mwenyewe. Hakuchukua hataza ya mashine hiyo, na wengine wakaendelea kuitengeneza. Kwetu muziki wa namna hii wengi huuita biti. Tofauti ni kwamba karaoke kamili huonyesha pia maneno kwenye kioo, wakati biti ni muziki peke yake.

Fahamu aina za mafaili

Faili la MP3 ni sauti tu. Kwa ubora wa kawaida, dakika moja hutumia karibu MB 1, hivyo wimbo wa dakika nne ni kama MB 4, na GB 1 hubeba nyimbo kama 250. Video ya wimbo huohuo hula bando mara kadhaa zaidi. Kama wimbo unaujua kwa moyo, MP3 inakutosha.

Faili linaloishia na .cdg hubeba maneno ya kwenye kioo. Huenda sambamba na MP3 yake: yote mawili yawe na jina moja na yakae folda moja. Ukibadilisha jina la moja tu, maneno hayatatokea.

Faili linaloishia na .apk si wimbo, ni programu. Tovuti ikikupa .apk wakati umeomba wimbo, usilifungue. Wezi wengi wa mtandaoni huingia kwenye simu kwa njia hiyo.

Pa kutafuta

Anza na YouTube. Andika jina la wimbo, jina la msanii, kisha neno "karaoke" au "instrumental". Usiandike "lyrics", kwa sababu video hizo huonyesha maneno lakini mwimbaji bado anaimba. Kwa nyimbo za Kiingereza utapata nyingi. Kwa nyimbo za Kiswahili, tazama kwanza ukurasa wa msanii mwenyewe. Baadhi yao huweka biti yao rasmi.

Kumbuka kuwa video unayohifadhi ndani ya programu ya YouTube hubaki humohumo. Huwezi kuihamishia kwenye flashi na kuipiga kwenye sabufa ya ukumbini. Tovuti za pembeni zinazonyofoa sauti kutoka YouTube zinakwenda kinyume na masharti ya YouTube, na nyingi zimejaa matangazo ya kitapeli.

Ukitaka faili lako mwenyewe, zipo tovuti zinazouza biti moja moja, kama Karaoke Version ya Ufaransa, ambayo hukuruhusu kupandisha au kushusha ufunguo kabla ya kupakua.

Vipi kuhusu kuondoa sauti ya mwimbaji?

Njia ya zamani ilifuta kila sauti iliyorekodiwa katikati ya spika mbili. Sauti ya mwimbaji ilipungua, lakini besi na ngoma navyo viliondoka. Mwaka 2019 kampuni ya Deezer ilitoa bure Spleeter, programu inayotumia akili bandia kutenganisha mwimbaji na vyombo, na nyingine nyingi zimefuata. Matokeo ni mazuri zaidi, ingawa mwangwi wa mwimbaji unaweza kubaki. Nyingi za kwenye simu hupeleka wimbo mtandaoni kwanza, kisha hukurudishia, hivyo bando hutumika mara mbili.

Kuondoa sauti hakuondoi umiliki. Wimbo unabaki mali ya mtunzi. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA. Kenya ina sheria ya mwaka 2001, chini ya KECOBO. Kujifunzia nyumbani ni jambo moja. Kuuza biti, au kurekodi juu yake na kuisambaza, ni jambo jingine, linalohitaji ruhusa ya mwenye wimbo.

Njia iliyo karibu zaidi

Mpiga kinanda wa kijijini kwenu anaweza kukurekodia biti kwa simu, chumbani palipo kimya. Faida yake kubwa ni ufunguo. Biti nyingi za mtandaoni zimepigwa kwa sauti ya msanii, na wanakwaya wengi hushindwa kufika juu wakadhani hawajui kuimba, kumbe ufunguo tu ndio hauwafai. Yeye atashusha hatua mbili tatu mpaka kila mtu aimbe kwa raha. Mlipe, na kubalianeni mapema biti itatumika wapi.

Siku ya shughuli usitegemee mtandao

Hili nimejifunza kwa aibu. Nilikuwa MC kwenye sendofu, na wadogo wa bibi harusi walikuwa wamefanya mazoezi wiki tatu ili wamwimbie mama yao. Biti niliiacha mtandaoni. Wakasimama mbele, duara likazunguka kwenye simu yangu, muziki haukutoka. Waliimba mistari miwili bila chombo, mmoja akaanza kulia, wakakaa. Mama yule wimbo wake hakuusikia mpaka leo.

Tangu siku hiyo nafanya mambo manne:

1. Kila faili nalipa jina kamili: wimbo, msanii na ufunguo. Jina kama "audio 0047" halimsaidii mtu gizani.
2. Natenga folda: harusi, kwaya, mahafali, mazoezi.
3. Naweka nakala mbili, moja kwenye memori kadi ya simu na nyingine kwenye flashi. Kadi huharibika bila kutoa taarifa.
4. Siku moja kabla, nazima data na kuupiga wimbo wote kwenye spika itakayotumika, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Usipopiga hapo, hauko mkononi mwako.

Anza na nyimbo kumi ambazo watu wako huziimba kweli. Kumi zilizojaribiwa zinafaa kuliko mia tano ambazo hujawahi kuzifungua.