Saa Tisa ya Nani? Historia Fupi ya Wakati Ndani ya Mashine

Wapo wanaodhani kwamba kuandika tarehe na saa ndani ya kompyuta ni kazi ya mafundi tu, isiyo na historia wala siasa. Mimi nadai kinyume. Kila programu inayochapa tarehe imekwisha kuamua ni hesabu ya nani itakayokuwa kanuni, na uamuzi huo una asili yake.

Tuanze na hesabu yetu wenyewe. Mtu wa Mjimwema akisema "saa tatu asubuhi", anahesabu tangu macheo. Akisema "saa tatu usiku", anahesabu tangu machweo. Katika nchi iliyo karibu na ikweta, ambako urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima, hesabu hiyo ina mantiki kamili. Juma letu nalo limebeba historia ya pwani. Jumamosi ni siku ya kwanza baada ya Ijumaa, na hesabu yaendelea hadi Jumatano. Kisha yaja Alhamisi, ambayo kwa asili yake ya Kiarabu nayo ni "ya tano", kwa sababu Waarabu huanza kuhesabu Jumapili. Juma moja, siku mbili za tano, na hakuna anayepotea.

Ukoloni ulileta saa nyingine, na hata hiyo haikutulia. Nchini Kenya, kati ya mwaka 1908 na 1942, saa rasmi iliitangulia ile ya Greenwich mara kwa saa mbili na nusu, mara kwa saa tatu, mara kwa saa mbili na dakika 45. Mabadiliko hayo yamehifadhiwa katika hazina ya majira ya dunia iliyoanzishwa na Mmarekani Arthur David Olson katika miaka ya 1980, ambayo leo hutumiwa na simu na kompyuta nyingi. Humo, jina la Dar es Salaam limekuwa lakabu tu ya Nairobi. Sababu yake ni ya kiufundi: maeneo ambayo saa zake zimelingana tangu mwaka 1970 huunganishwa. Hata hivyo, matokeo yake ni ya kihistoria. Mtafiti akiiuliza mashine yake saa ya Tanganyika mwaka 1938, hujibiwa kwa saa ya Kenya, bila onyo lolote.

Tarehe nazo zina mtego wake. Sisi tulirithi kwa Waingereza desturi ya kutanguliza siku, kisha mwezi. Wamarekani, ambao lugha nyingi za programu zimetoka kwao, hutanguliza mwezi. Andika 05/02/1967, siku lilipotangazwa Azimio la Arusha, na programu yenye desturi ya Kimarekani itasoma tarehe 2 Mei. Andika 09/12/1961, siku ya Uhuru, nayo itasoma tarehe 12 Septemba. Lakini ukiandika 26/04/1964, siku ya Muungano, itakataa, kwa kuwa hakuna mwezi wa 26. Nawaomba wanafunzi wangu walitafakari jambo hili: mashine hugundua kosa pale tu siku inapozidi 12. Siku 12 za mwanzo wa kila mwezi, isipokuwa ile yenye namba sawa na ya mwezi wenyewe, hupotoka kimyakimya, na kosa lililo kimya ndilo linaloingia katika daftari la serikali na kukaa humo. Kanuni ya kimataifa ya ISO 8601, iliyotolewa mwaka 1988, iliondoa utata huo kwa kutanguliza mwaka: 1967-02-05.

Lakini tatizo lililo letu hasa ni la saa. Kiswahili kimo katika mkusanyo wa lugha wa Unicode, ambao programu huutumia kuchapa tarehe. Maneno yetu yamo: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku. Kinachokosekana ni hesabu yetu. Programu ikiombwa kuandika saa tatu ya asubuhi kwa Kiswahili, huweza kuandika "9:00 asubuhi". Maneno ni yetu, namba ni ya wengine. Mwananchi wa Njombe anayesoma hivyo aelewe nini? Saa tisa kwake ni ya alasiri au ya usiku wa manane.

Swali hili si la kinadharia. Tangu mwaka 2021, sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Wito unaoandikwa kwa lugha ya mwananchi lakini kwa hesabu asiyoitumia unaweza kumnyima haki ya kusikilizwa, naye akaonekana mkaidi.

Tiba yake ni nyepesi. Ndani ya hifadhi, tarehe ikae kwa ISO 8601, pamoja na alama ya +03:00. Mbele ya msomaji, mwezi uandikwe kwa jina, na saa igeuzwe kwa kuongeza au kupunguza sita, kisha itamkwe kwa maneno: "saa tatu kamili asubuhi". Hiyo ni mistari michache ya programu. Mtumishi wa umma anayeagiza mfumo mpya aidai kwa maandishi kabla ya kuupokea, kwa maana mfumo ukishapokelewa, wananchi ndio hulazimishwa kujirekebisha.