Uchoraji na uchomaji wa vioo vya madirisha

Uchoraji wa vioo ni sanaa ya kupaka kioo rangi ambayo, ikichomwa tanurini, huyeyuka na kushikana na kioo chenyewe. Usichanganywe na utengenezaji wa vioo vya rangi. Vile hupata rangi wakati wa kuyeyushwa, kama vipande vinavyopamba baraza za Zahanati ya Kale ya Mji Mkongwe, Zanzibar, jengo lililokamilika mwaka 1894. Afrika Mashariki, kazi ya vioo vya rangi inafahamika pia Kitengela, kusini mwa Nairobi, katika karakana ya Nani Croze.

Rangi ya mchoraji ni unga wa kioo laini uliochanganywa na oksidi ya chuma au ya shaba, maji na gundi ya mgunga. Hutoa weusi au hudhurungi tu, na kazi yake ni kuzuia mwanga. Fundi hupaka, husubiri ikauke, kisha huikwangua kwa kijiti au brashi ngumu mpaka uso, nywele na mikunjo ya nguo vijitokeze. Mtawa Theophilus aliieleza kazi hii mwanzoni mwa karne ya 12, na misingi yake haijabadilika. Manjano hutokana na chumvi ya fedha, ambayo kwa kawaida hupakwa upande wa nje.

Moto ndio mtihani. Tanuru hufikishwa takriban nyuzi 650 hadi 680 za Selsiasi. Joto likipungua, rangi haishiki. Likizidi, mistari hufifia na kioo hulegea. Kupoza nako hakutaki haraka, la sivyo kioo hupasuka.

Oksidi ya chuma si ngeni kwa uwanda wa Ufipa, karibu na mpaka wa Tanzania na Zambia. Wafipa waliyeyusha mawe yake katika ilungu, tanuru refu la udongo lisilotumia mivukuto, kisha wakasafisha chuma katika kintengwe. Ndani ya ilungu, mkaa uliinyang'anya oksidi oksijeni yake ili chuma kipatikane. Tanuru la vioo hutaka kinyume chake: hewa ipite, oksidi ibaki oksidi.

Parokia inayoagiza dirisha la picha imuulize fundi kwanza kama ana tanuru. Rangi ya kopo iliyopakwa juu ya kioo bila kuchomwa hubambuka kwa jua, mvua na kufutwafutwa.