Homa Iliyosafiri kwa Reli

Leo nataka nikusimulie jambo lililotokea hapa kwetu zamani, kisha tuone linatufunza nini.

Mwezi wa Septemba 1918, Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia vikikaribia kwisha, homa kali ya mafua iliingia Mombasa kwa meli. Kutoka bandarini ikapanda gari la moshi pamoja na abiria, ikaenea hadi bara. Maelfu ya watu walikufa nchini mwetu. Duniani kote inakadiriwa kwamba walikufa watu milioni 50 hivi, na wengi wao walikuwa vijana wenye nguvu.

Mwaka wa 2009 virusi vya jamii hiyo, H1N1, vilirudi kwa sura mpya. Mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa Kenya, mwezi wa Juni, alikuwa mwanafunzi mgeni kutoka Uingereza.

Mama, umeona? Homa haina miguu. Hubebwa na watu.

Siku moja mama mmoja aliniambia kliniki, "Sista, niliona ni homa tu, nikampeleka mtoto shule kwa sababu ya mtihani." Huko darasani watoto waliketi watatu kwa dawati moja. Jioni mtoto huyo alirudi nyumbani, akambeba mdogo wake wa miezi mitatu. Siku chache baadaye mtoto mchanga alikuwa akipumua kwa shida. Tunashukuru alifikishwa hospitali mapema, akapona.

Basi mama, fanya hivi:

- Mtoto mwenye homa abaki nyumbani hadi apitishe siku nzima bila joto mwilini, na bila dawa ya kuteremsha joto.
- Mfunze kukohoa na kupiga chafya kwenye kiwiko, si kiganjani.
- Nyote mnawe mikono kwa sabuni na maji.
- Fungua madirisha hewa ipite.
- Mgonjwa asimkaribie mtoto mchanga.
- Mpe vinywaji vingi. Usimpe aspirini.

Ukiona mtoto anapumua haraka, kifua kinabonyea ndani, hawezi kunyonya wala kunywa, amelegea au anapata degedege, usingoje kesho. Mkimbize kituo cha afya.

Mwaka wa 1918 hakuna aliyeweza kusimamisha gari la moshi lile. Wewe mama unaweza kuizuia homa mlangoni pako.

Kwaheri, hadi kipindi kijacho.